Yai Moja

Alikuwa ameinama kwenye hadubini, kofia yake ya viua ameiweka kando, mkono wa kulia ukisogeza slaidi polepole, safu baada ya safu, kama bibi yangu alivyochambua karafuu jamvini bila kuacha hata kikonyo kimoja. Mzee huyu ni wa maabara moja hapa Pemba. Kazi ya kusaka mayai ya kichocho aliianza kabla ya mwaka 2000, ilipofunguliwa Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi.

Mkojo wa mililita 10 hupitishwa kwenye kichujio. Yai la kichocho hulijua kwa mwiba wake mdogo nchani. Mayai 50 na zaidi ni maambukizi makali, na hayo hata mgeni wa kazi huyaona. Lakini baada ya miaka ya kugawa dawa ya prazikwanteli na kuwaandama konokono mabondeni, mtoto anaweza kubaki na yai moja tu. Kadiri maradhi yanavyopungua ndivyo jicho linavyotakiwa kuwa kali.

Makohozi nayo hupakwa rangi ya auramini, na chini ya taa yake vijidudu vya kifua kikuu huwaka manjano gizani, kama maji ya bahari yanapopigwa kasia usiku. Nampenda aliyewaza kwanza kwamba kitu kilichojificha kinaweza kuvishwa mwanga.

Siku hizi kuna rangi zinazowaka ndani ya mwili wa mtu aliye hai, kwa mwanga ulio ng'ambo ya wekundu, ambao macho yetu hayauoni ila kamera huunasa. Mojawapo, kijani cha indosianini, iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1959. Hudungwa mshipani, na leo daktari wa upasuaji huiangalia kwenye kioo cha kamera ikipita, ajue damu inafika wapi. Ni rangi dhaifu: ikishachanganywa na maji haikai, lazima itumike ndani ya saa chache.

Niliposoma habari hizo nilikumbuka utoto wetu Konde, msimu wa karafuu. Umeme hatukuwa nao. Babu akituazima kurunzi yake twende uani, nasi tukiiziba kwa kiganja ili tuone vidole vikiwaka. Mwanga uliingia mweupe ukatoka mwekundu. Tuligombania zamu. Bibi alitukemea kwa kumaliza betri, kisha usiku mmoja, akidhani tumelala, nikamwona naye ameweka kiganja chake. Damu hunywa buluu na kijani, wekundu ikaupitisha. Na mwanga uliouvuka wekundu kidogo huzama ndani zaidi. Elimu ile ya rangi za ndani ya mwili imesimama juu ya jambo ambalo watoto wa Konde tulilishika mkononi.

Kurunzi ile sijui iliishia wapi. Wala siioni subira ya mzee yule wa hadubini kwa vijana wengi wanaoingia maabara sasa. Wanataka tarakimu itoke mashineni wasaini waondoke. Rangi inachujuka mezani kwa kuachwa juani, lenzi ina alama za vidole, na hakuna anayeona haya.

Siku ile mzee aliinua kichwa, akamwita kijana aliyeisoma slaidi kabla yake.

"Hebu njoo, mwanangu. Tazama pembeni hapa."

Kijana aliinama, akakawia. Kwenye daftari, mbele ya jina la mtoto yule, alikuwa ameshaandika sifuri.