Barua «Laudate Deum» Tukiisoma Karibu na Ziwa Kivu

Tarehe 4 Oktoba 2023, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, Baba Mtakatifu Fransisko alitoa barua iitwayo Laudate Deum, maana yake Msifuni Mungu. Inasema juu ya hali ya hewa ya dunia inayoharibika. Ni barua fupi, yenye sura 6 na vifungu 73. Ile ya kwanza juu ya jambo hilo, Laudato Si’ ya mwaka 2015, ilikuwa na vifungu 246. Mtu anaweza kuimaliza kati ya Misa na chakula cha mchana. Papa huyo alifariki tarehe 21 Aprili 2025, lakini barua yake ingali mikononi mwetu. Tuipime basi, tuone imetufaa nini, na wapi imetuacha njiani.

Sisi wa Kivu tuna sababu ya kuipima vizuri. Miezi mitano kabla yake, siku ya Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe. Mito ikajaa, ikashuka na mawe na matope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Maiti zaidi ya 400 zilipatikana, na watu wengine wengi hawakuonekana tena. Swali letu ni hili: mama aliyepoteza watoto wake siku ile, akisomewa barua hii, atasikia nini?

Kwanza atasikia kwamba halaumiwi. Hilo ndilo jema kubwa la barua. Wako watu wanaosema kwamba dunia inaharibika kwa sababu maskini wanazaa mno. Papa anawajibu waziwazi: Afrika, penye zaidi ya nusu ya maskini kabisa wa dunia, imechangia sehemu ndogo sana ya moshi uliokusanyika angani. Naye anatoa hesabu: hewa ya kaboni, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa chini ya sehemu 300 katika milioni, ilifika 423 mwezi wa Juni 2023. Tena anakumbusha kwamba maaskofu wa Afrika waliona humo dhambi isiyo ya mtu mmoja tu, bali ya namna nzima ambayo watu wamepanga mali na kazi. Maneno hayo ni ya mchungaji asiyeogopa wakubwa.

Wala hatasikia mahali popote kwamba ni adhabu ya Mungu, kama wengine walivyosema upesi siku zile za matanga. Bwana wetu alikwisha kukataa neno hilo, alipofundisha kwamba wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa wakosaji kupita watu wengine wa Yerusalemu. Lakini tusisahau kwamba palepale aliwaambia wasikilizaji wake watubu.

Sasa tuseme upungufu wake. Sura mbili nzima zinahusu mikutano ya mataifa, na ya tano ni juu ya mkutano mmoja tu, ule wa Dubai, ambao Papa aliutumainia. Mkutano huo ulimalizika Desemba 2023. Mataifa yalipatana kuanza kuachana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, lakini hayakuweka hukumu kwa atakayevunja neno lake. Sura hiyo imezeeka upesi.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Barua inasema kana kwamba mambo yamekwisha kupimwa kila mahali. Kwetu sivyo. Mwaka uleule wa 2023, wataalamu wa World Weather Attribution walitaka kujua kama joto la dunia liliongeza mvua iliyoua watu Kalehe na Rwanda. Hawakuweza kujibu, kwa kuwa vituo vya kupimia mvua ni vichache mno, na vipimo vya satelite havikupatana. Tunajua kwamba hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, na kwa hiyo mvua kubwa huzidi kuwa kubwa. Tunajua pia kwamba mlima uliokatwa miti haushiki maji, na kwamba nyumba nyingi zilijengwa karibu na mdomo wa mto. Lakini ni kiasi gani kilitoka kwa kila sababu, hakuna awezaye kusema. Maskini amedhulumiwa, na hata ushahidi wa kesi yake hana. Dhuluma hiyo Papa hakuitaja.

Hatari ya mwisho haitoki kwa mwandishi, inatoka kwetu wasomaji. Ni rahisi kujificha nyuma ya barua na kusema: «Kosa ni la Ulaya na Amerika, sisi tuendelee kukata miti na kuchoma makala.» Papa hakufundisha hivyo. Anakubali kwamba matendo madogo ya nyumbani hayatoshi kuponya dunia, lakini anasema ndiyo yanayogeuza desturi za watu.

Kwa hiyo twawashauri muisome, nanyi mwanze na sura ya 6, inayosema juu ya imani. Tena tukumbuke kwamba zamani misioni nyingi zilikuwa na chombo cha kupimia mvua, na kila asubuhi maji yalipimwa na kuandikwa daftarini. Chombo hicho si cha bei kubwa, na kijana wa parokia aweza kujifunza kazi hiyo.

Basi, mkiisha kusoma barua katika jumuiya yenu, ulizaneni maswali matatu. Nani atapima mvua ya hapa kwetu? Nani atakwenda kumwonya ndugu aliyejenga kando ya mto? Na ndugu huyo akikubali kuhama, nani kati yetu atampa kiwanja?