Heko kwa Wapigapicha wa Mnara wa Eiffel Usiku

Wanaoupiga picha Mnara wa Eiffel usiku wanastahili pongezi, maana kazi yao ni ngumu kuliko picha inavyoonyesha. Tangu mwisho wa 1985, taa za rangi ya dhahabu alizozibuni Pierre Bideau huumulika mnara kutoka ndani ya vyuma vyake. Jicho huviona vyuma hivyo na anga jeusi kwa pamoja. Kamera haiwezi: ukiipa mwanga wa kutosha kuonyesha anga na miti, mnara unaungua na kuwa mweupe mtupu, ukiubana mwanga, vingine vyote vinazama gizani.

Ndipo ufundi unapoanza. Kamera husimamishwa imara kwenye stendi, pale Trocadéro au kando ya mto Seine, na mandhari yaleyale hupigwa mara tatu, tano au zaidi, kila picha ikipokea mwanga maradufu au hata mara nne ya iliyotangulia. Uwazi wa lenzi hauguswi. Hubadilika muda wa kupokea mwanga tu. Baadaye programu ya kompyuta huziunganisha picha hizo, ikichukua vyuma kwenye picha yenye giza na maji kwenye ile angavu. Taa nyingine 20,000 za mnara zinapomemeteka kila mwanzo wa saa, stadi husubiri zitulie, kwani mmemeto hutofautiana picha kwa picha na kuvuruga muungano.

Nawapa heko zaidi wanaojua kujizuia. Programu hizo za kuunganisha picha zikitumiwa kupita kiasi, anga hugeuka zambarau na mnara huzungukwa na ukungu mweupe. Mafundi hasa huacha giza liwe giza.