Halisi na Mfanano: Mguso wa Gome na Suala la Uhalisia katika Uchoraji wa Collin Sekajugo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki uchoraji wa watu katika kazi za Collin Sekajugo, msanii mwenye asili ya Uganda na Rwanda aliyeanzisha kituo cha Ivuka Arts jijini Kigali mwaka 2007. Hoja kuu ni kwamba nguo ya gome anayoitumia haikuwekwa kupamba sura ya mtu. Imewekwa kubishana na aina moja ya uhalisia, ule wa picha za kibiashara zinazojifanya kuonyesha maisha ya kila mtu. Makala yanaonyesha kuwa istilahi uhalisia, iliyojengwa juu ya neno halisi, inamwezesha mhakiki wa Kiswahili kutenganisha mfanano wa sura na ukweli wa kitu. Yanahitimisha kwa mapendekezo matatu kuhusu istilahi, kumbukumbu za makumbusho, na matumizi ya picha za watu katika nyaraka za umma.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili ulilizoea neno uhalisia kupitia riwaya na tamthilia. Katika fasihi, neno hilo lina upana: linagusa mazingira, matabaka, migogoro na lugha ya wahusika. Linapohamishiwa kwenye uchoraji, hupungua. Mchoro husifiwa kuwa na uhalisia pale mtazamaji anapoona kuwa umefanana na picha ya kamera, na sifa hiyo huishia hapo.

Neno lenyewe linadai zaidi. Kinyume cha halisi katika Kiswahili ni bandia. Dhahabu halisi haisifiwi kwa kufanana na dhahabu, ni dhahabu. Kinachofanana na dhahabu kina mfanano nayo, na pengine ndicho bandia chenyewe. Basi mfanano ni uhusiano wa sura na sura, ilhali uhalisi ni uhusiano wa kitu na asili yake. Mchoro unaweza kuwa na mfanano mkubwa na uhalisi mdogo, au kinyume chake. Tofauti hiyo ndiyo inayoongoza uhakiki huu.

Istilahi ya pili ni mguso. Makala yanaitumia kwa maana ya hali ya uso wa mchoro kama ambavyo kiganja kingeihisi: ulaini, mparuzo, mikunjo, mishono na unene wa vitu vilivyobandikwa. Mtazamaji kwa kawaida haruhusiwi kuugusa mchoro. Hata hivyo jicho hugusa kwa niaba ya mkono, na mchoraji hulitegemea jicho hilo.

2.0 Msanii, Kituo na Jiji

Sekajugo alizaliwa Masaka, Uganda, mwaka 1980. Ivuka Arts aliianzisha Kigali mwaka uleule ambao Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika Kinyarwanda, ivuka ni kuzaliwa. Msemaji wa Kiswahili anayelisikia neno hilo hukumbuka kuvuka, yaani kwenda ng'ambo ya pili. Maana hizo mbili hazina nasaba moja, lakini zote zinamfaa msanii ambaye kazi yake haikai upande mmoja wa mpaka.

Kigali ya wakati huo haikuwa jangwa la sanaa. Shule ya sanaa ya Nyundo, karibu na Gisenyi, ilikuwa ikifundisha tangu miaka ya 1950. Mashariki mwa nchi, katika eneo la kale la Gisaka, wanawake walikuwa warithi wa imigongo: kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu hufinyangwa kwa vidole kuwa matuta, huachwa kikauke, kisha hupakwa rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Baada ya Ivuka vilifuata vituo vingine, kikiwamo Inema kilichoanzishwa mwaka 2012 na ndugu wawili, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza. Mwaka 2018 iliyokuwa ikulu ya Kanombe ikawa Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda.

Imigongo inahusika hapa kwa sababu moja. Inathibitisha kuwa katika eneo hili mguso ulikuwa lugha kamili ya sanaa kabla ya turubai na rangi za kopo. Ila lugha hiyo ilisema kwa maumbo ya kijiometri, bila sura ya mtu. Swali ambalo kazi za Sekajugo zinaliibua ni hili: mguso hufanya nini unapokutana na mwili wa binadamu?

3.0 Gome Kama Hoja

Miongoni mwa malighafi za Sekajugo, nguo ya gome ndiyo yenye historia ndefu zaidi. Waganda huitengeneza kwa gome la ndani la mti wa mutuba: gome huchunwa, hupondwa kwa nyundo za mbao mpaka lipanuke na kulainika, kisha huanikwa juani likapata rangi ya udongo mwekundu. Shina huvishwa majani ya mgomba ili gome jipya liote. Nguo hiyo ilivaliwa na wafalme katika kutawazwa na kutumika katika mazishi. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005 na kuuingiza katika orodha yake mwaka 2008. Rwanda nayo ilikuwa na nguo ya gome, impuzu, iliyotokana na miti ya jamii hiyohiyo.

Historia hiyo inawahusu Waswahili moja kwa moja. Nguo za pamba zilizoletwa na misafara ya biashara kutoka pwani katika karne ya 19, merikani na kaniki zikiwamo, ndizo zilizoanza kuisukuma nguo ya gome pembeni. Neno merikani lenyewe linakumbusha viwanda vya Marekani vilivyofuma kitambaa hicho kabla hakijapita Zanzibar. Turubai ya mchoraji, inapokuwa ya pamba, ni jamaa wa karibu wa merikani. Kwa hiyo msanii anapobandika gome juu ya turubai, anairudisha nguo iliyoshindwa juu ya nguo iliyoishinda. Hilo ni tendo la kihistoria hata kabla ya kuchora jicho au pua.

Hapa ndipo halisi na mfanano vinapoachana. Rangi ya akriliki inaweza kuiga mkunjo wa nguo. Huo ni mfanano. Kipande cha gome hakiigi kitu. Kina mishipa yake, matundu yake na mahali kilipotiwa kiraka. Kikiwa sehemu ya vazi la mtu aliyechorwa, mtazamaji anaona vitu viwili kwa pamoja: sura inayofanana na mtu, na kitu ambacho ni chenyewe. Nyuzi za polipropilini, aina ileile inayofumwa kuwa magunia ya plastiki, hufanya kazi hiyohiyo katika baadhi ya michoro yake, ila zinaleta soko la leo mahali ambapo gome linaleta ikulu na kaburi.

4.0 Kubishana na Picha ya Ghala

Tangu mwaka 2012 Sekajugo amekuwa akiendeleza kazi zinazotokana na picha za ghala, yaani picha za watu zinazopigwa bila kuwa na habari maalumu ya kueleza, zikahifadhiwa na kuuzwa kwa yeyote anayehitaji sura ya "familia", "mafanikio" au "umaskini". Biashara hiyo ni kubwa. Kampuni ya Getty Images, mojawapo ya majina makuu katika soko hilo, ilianzishwa mwaka 1995. Picha ya ghala ina mfanano kamili. Ngozi ni ngozi, tabasamu ni tabasamu. Ila haimhusu mtu yeyote: aliyepigwa si mama wa watoto anaoonekana nao, na nyumba si yake. Kwa mizani ya Kiswahili, ni picha yenye mfanano mkubwa na uhalisi haba.

Sekajugo huhifadhi mikao ya picha hizo, ile ya starehe, ya kujiamini na ya umiliki, kisha huikabidhi kwa watu weusi waliojengwa kwa rangi, vitambaa na gome. Kazi moja inaitwa Stock Image 017 – I Own Everything. Jina hilo linagongana lenyewe kwa lenyewe. Sehemu ya kwanza inampa mtu namba, kama mzigo katika rafu. Sehemu ya pili inamfanya atangaze kuwa anamiliki kila kitu. Kejeli hiyo isingeshika bila mguso. Lau mchoro ungekuwa laini kama picha inayoigwa, mtu mweusi angekuwa tu ameingizwa katika ghala lilelile, na ghala lingebaki lilivyo. Mparuzo wa gome unamzuia mtazamaji kuuchukulia mkao huo kuwa wa kawaida. Kinachoonekana ni mkao ulioazimwa, na mshono wa kuazimia uko wazi.

Mwaka 2022 kazi zake ziliwekwa pamoja na za Acaye Kerunen katika banda la kwanza la taifa la Uganda kwenye maonyesho ya Venice, chini ya usimamizi wa Shaheen Merali, na banda hilo likatajwa kwa heshima maalumu na waamuzi. Heshima hiyo ilistahili. Hata hivyo ilileta ugumu ambao mhakiki hana budi kuutaja: wengi walioijua kazi hiyo tangu hapo wameijua kupitia picha zake katika skrini. Picha ya mchoro hufuta mguso. Kazi iliyotengenezwa kupinga ulaini wa picha husambazwa ikiwa picha laini.

5.0 Picha Yenye Jina

Ingekuwa kosa kuhitimisha kuwa gome ni kweli na kamera ni uongo. Kigali yenyewe inaikanusha hitimisho hiyo. Katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004, kipo chumba cha picha za familia zilizotolewa na manusura: picha za kawaida za harusi, za shule, za studio. Hazina mguso wala ufundi wa kujionyesha. Hata hivyo hakuna picha halisi kuliko hizo, kwa sababu kila sura ina watu wanaoijua na wanaoililia.

Ulinganisho huu unaiweka hoja mahali pake. Uhalisi wa picha hautokani na ulaini au mparuzo wa uso wake; unatokana na kifungo kati ya sura na mtu. Picha ya ghala imekikata kifungo hicho ili iuzike popote. Picha ya Gisozi imekishika dhidi ya wale waliotaka kikatike kabisa. Mchoro wa Sekajugo uko kati ya hizo mbili: haumrudishii mtu jina, lakini unaonyesha kuwa jina limeondolewa.

6.0 Mipaka ya Jaribio

Majaribio haya yana mipaka miwili. Kwanza, gome linaweza kugeuka muhuri. Msanii kama Sanaa Gateja naye hulitumia pamoja na shanga za karatasi, na soko la nje limejifunza kulitambua kama alama ya Afrika Mashariki. Pale ambapo kipande cha gome kingeweza kuondolewa bila maana ya mchoro kubadilika, kimekuwa pambo, na pambo hilo linauza "Uafrika" kama vile picha ya ghala inavyouza tabasamu. Michoro bora ni ile ambayo gome limebeba mwili wenyewe. Michoro dhaifu ni ile ambayo limekaa pembezoni kama utepe.

Pili, kejeli inamtegemea mtazamaji anayeijua picha inayokejeliwa. Mtu wa Nyamirambo anayetazama mchoro bila kuwa na tangazo la kigeni akilini anaweza kuona tu mtu aliyevaa vizuri na kuketi kwa raha. Huenda usomaji huo usiwe makosa. Ila unaonyesha kuwa sehemu ya mazungumzo ya mchoro imeelekezwa kwingine, kwa wenye ghala, na mtazamaji wa nyumbani anayasikia kwa mbali.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Sekajugo ameonyesha kuwa mguso unaweza kuwa hoja ndani ya mchoro wa mtu, na kwamba hoja hiyo inaihusu Afrika Mashariki nzima, kuanzia historia ya merikani hadi biashara ya picha ya leo. Mapendekezo matatu yanafuata.

La kwanza ni la istilahi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama yaandae msamiati wa sanaa za maono unaotenganisha uhalisia na mfanano, na unaoutambua mguso kuwa kipengele cha maana. Rwanda, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, ina nafasi ya pekee: taasisi yake ya Inteko y'Umuco inasimamia makumbusho na masuala ya lugha kwa pamoja, hivyo istilahi na vitu vinavyotajwa viko chini ya paa moja.

La pili ni la kumbukumbu. Daftari la makumbusho linaloandika "mchanganyiko wa vifaa" linafuta nusu ya mchoro. Liandikwe gome la mti gani, limetengenezwa wapi, na kwa jina lipi katika lugha ya watengenezaji.

La tatu linawahusu moja kwa moja wanaoandaa sera. Majalada ya ripoti za kilimo, afya na elimu hupambwa kwa sura za watu wasiotajwa: mama anayetabasamu shambani, mtoto mwenye daftari. Pawepo utaratibu wa kutaja jina la mtu, mahali na ridhaa yake, au picha isitumike. Ripoti inayodai kusema ukweli kuhusu wananchi haiwezi kuanza, kwenye jalada lake, na mwananchi wa bandia.