Mmoja Amesoma, Mwingine Hajasoma

Podkasti ya Overdue ina sheria moja tu. Kila wiki mmoja wa watangazaji wawili, Andrew Cunningham na Craig Getting, anasoma kitabu ambacho amekuwa akijiambia miaka yote kwamba atakisoma. Mwingine hakisomi. Halafu aliyesoma anamsimulia asiyesoma, wanacheka, saa moja imeisha. Ni Wamarekani, walianza Februari 2013, na sasa wamepita vipindi 600. Jina lenyewe wamelitoa maktabani: kitabu ambacho siku ya kukirudisha imepita na bado unacho nyumbani.

Kwa maelezo hayo utadhani ni jambo la kipuuzi. Nani anataka kusikia mtu akisimuliwa riwaya? Lakini siri ya podkasti hii iko kwa yule ambaye hajasoma. Yeye ndiye anauliza maswali ambayo sisi wengine tunaona haya kuuliza: huyu ni nani tena, si alikuwa ameoa, mbona wanakasirika kwa ajili ya barua? Nilikaa kwenye kumbi za mihadhara miaka miwili kabla karo haijanitoa, na sikumbuki mtu akiuliza swali kama hilo kwa sauti. Tulikuwa tunatikisa kichwa. Kitabu kikitajwa, kila mtu alikuwa "anakirudia".

Hapo ndipo utani unafanya kazi yake. Aliyesoma anaruhusiwa kusema alichoshwa kurasa mia moja za kwanza, kwamba alipotea, kwamba jina fulani lilimchekesha hadi akashindwa kuendelea. Huo ni uhakiki, tena mzuri, ingawa umevaa ndara.

Sasa linganisha na sisi. Mkenya yeyote aliyefanya mtihani wa Kiswahili anaujua mwongozo, kile kitabu chembamba kinachouzwa kando ya kitabu teule. Muhtasari wa kila sura, maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilipokuwa kinatahiniwa, kuna watu waliokuja kuniambia sifa zote za Mtemi Nasaba Bora kwa mpangilio, na hawajawahi kufungua riwaya yenyewe. Mwongozo nao unakusimulia kitabu usichosoma, sawa na Overdue. Tofauti ni kwamba mwongozo hauchoki wala haupotei. Haucheki hata mahali Walibora anachekesha, na yule bwana anachekesha sana. Tena hauna mtu wa pili wa kuuliza "ngoja kwanza". Mwanafunzi anabaki peke yake na orodha ya sifa.

Kwa hivyo naipenda Overdue, ila kuna kitu kinanikera. Podkasti nzima inasimama juu ya aibu ya aina fulani: kitabu kiko kwenye rafu, kinakutazama, na wewe uko bize na runinga. Hiyo ni aibu ya mwenye rafu. Msee anayepita kwa wauzaji wa "inama" katikati ya Nairobi, anashika kitabu, anasoma jalada la nyuma, anauliza bei, anakirudisha chini taratibu, huyo hajachelewa kusoma. Amehesabu nauli. Sijasikia kichekesho kinachomfaa. Halafu hata kumsikiliza Craig akisimulia ni bando, na bando si bure.

Lingine ni kwamba simulizi inabeba matukio na kuacha lugha njiani. Chukua Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika, ya 1971, ingefanya kipindi kikali: baba mlevi anayewabana mabinti kwa kiboko, binti anayefika mbali na nyumbani na kufungua mbawa zote kwa mpigo. Yule asiyesoma angeuliza maswali hadi saa mbili. Lakini jaribu Nagona, ya 1990. Ni kitabu chembamba, unakimaliza kwa Jumapili moja. Matukio yake ukiyapanga kwa mdomo hayajai hata dakika tano, na msikilizaji atadhani umekula kitu kibaya. Kitabu chenyewe kiko kwenye sentensi, na utani wa redioni hauna mahali pa kuziweka.

Waingereza wa Backlisted, Andy Miller na John Mitchinson, walianza na njia nyingine mwaka wa 2015. Huko mgeni anaalikwa alete kitabu cha zamani anachokipenda, na mezani kila mtu amekisoma. Wanachekesha pia, ila ni kicheko cha wajuaji, na wewe usiyesoma umesimama mlangoni. Ajabu ni kwamba Miller huyohuyo mwaka wa 2014 alichapisha The Year of Reading Dangerously, kitabu kizima kuhusu kusoma hatimaye vile vitabu alivyokuwa akijifanya amevisoma. Pale alikuwa anachekesha zaidi, kwa sababu alikuwa bado hajafika.

Profesa wa Ufaransa, Pierre Bayard, alilifikisha jambo hili mwisho kabisa. Katika kitabu chake cha 2007 kuhusu kuzungumzia vitabu usivyosoma, kila kitabu anachokitaja anakipa alama: sikijui, nimekipitia juujuu, nimekisikia, nimekisahau. Alama ya "nimekisoma" haipo. Utacheka, halafu utaanza kuhesabu vyako.

Ninachotaka kusikia kwa Kiswahili ni rahisi kutengeneza kuliko watu wanavyodhani. Simu moja, watu wawili, mmoja amekopa Nagona. Mwingine awe mtu wa kweli asiyesoma, si mwigizaji: fundi simu, mama wa mboga, yeyote mwenye mdomo. Amwambie mwenzake asimame kila anapopotea, na yule wa kwanza, akiulizwa maana yake nini, afungue ukurasa na kumsomea.