Dizeli "Inajilipa Yenyewe"? Tuikague Hesabu ya Pikapu Kubwa

Binamu yangu anaishi Aurora, mji ulioungana na Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Kwa miaka minne amekuwa akisafirisha mashine ndogo za ujenzi kwa gari la mtu mwingine, na sasa anataka la kwake. Majuzi alinitumia video moja na ujumbe wa sauti: "Kaka, wewe ndiye msomi wa nishati. Huyu jamaa anasema dizeli inajilipa yenyewe ndani ya miaka mitano. Nisaini mkopo?"

Nikaitazama video mara mbili. Mtoa mada anaongea vizuri, ana jedwali safi, na anajiamini. Shida ni kwamba jedwali lake linajibu swali ambalo binamu yangu hakuuliza. Na kwa kuwa hesabu ya aina hii utaikuta kila mahali, ngoja tuikague pamoja.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Wamarekani wanalitumia neno lao la "gesi" kumaanisha petroli. Kwa hiyo ukiwasikia wanabishana gesi au dizeli, siyo mitungi ya gesi asilia kama ya teksi zetu. Ni petroli dhidi ya dizeli. Pili, hapa hatuzungumzii Hilux. Tunazungumzia Ford F-250 na F-350, Ram 2500 na 3500, Chevrolet Silverado 2500HD: magari ya kuvuta tela la tani kadhaa. Kwenye magari haya, kuchagua injini ya dizeli kunaongeza bei kwa karibu dola 10,000.

Hoja ya video ni hii: dizeli inakwenda maili nyingi zaidi kwa galoni, kwa hiyo dola 10,000 zitarudi kupitia pampu ya mafuta. (Galoni ya Marekani ni lita 3.8 hivi, maili ni kilomita 1.6.) Inasikika sawa kabisa. Sasa tuifungue.

Kasoro ya kwanza: namba za ulaji mafuta zimetoka wapi? Nchini Marekani kila gari dogo jipya hubandikwa dirishani karatasi inayoonyesha ulaji wake wa mafuta, kwa vipimo vya mamlaka ya mazingira, EPA. Lakini pikapu ambazo uzito wake unaoruhusiwa, zikiwa na mzigo, unazidi paundi 8,500 (kama kilo 3,855) hazilazimiki kuwa na karatasi hiyo. Yaani magari yanayokunywa mafuta kuliko karibu yote mengine barabarani ndiyo yasiyo na kipimo rasmi dirishani! Kwa hiyo namba ya kwenye video ni ya mtu fulani, kwenye barabara fulani, akiwa na mzigo fulani au bila mzigo. Mtoa mada hakutuambia. Jedwali zima limesimama juu ya namba hiyo.

Kasoro ya pili: galoni si kipimo cha haki. Dizeli ni nzito zaidi, na galoni yake moja ina nishati zaidi ya galoni ya petroli ya kule kwa takriban asilimia 13. Ikichomwa inatoa kilo 10.18 za kaboni dayoksaidi, petroli kilo 8.89. Chukua mfano: pikapu ya petroli inakwenda maili 12 kwa galoni, ya dizeli 16. Ukiangalia galoni, dizeli imeshinda kwa asilimia 33. Ukiangalia kaboni inayotoka kwa kila maili, ushindi unashuka hadi asilimia 14 hivi. Sehemu kubwa ya "ubora" ule ilikuwa ni mafuta mazito zaidi ndani ya galoni ileile.

Hiyo asilimia iliyobaki ni ya kweli, na ni fizikia nzuri. Injini ya dizeli inagandamiza hewa kwa uwiano wa karibu 16 kwa 1, wakati V8 ya petroli ya Ford ya lita 7.3 iko kwenye 10.5 kwa 1. Ukigandamiza zaidi unavuna kazi zaidi kutoka kwenye joto lilelile. Tena dizeli haina kilango cha kubana hewa ili kupunguza nguvu kama petroli. Inapunguza mafuta tu. Injini ya petroli ikienda polepole ni kama mtu anayepumua kupitia mrija.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa: jibu linayumba mno. Tufanye petroli ni dola 3.20 kwa galoni, dizeli dola 3.80, na tuongeze yale majimaji ya urea ambayo kila pikapu mpya ya dizeli inayahitaji ili kusafisha moshi (wengi mnayajua kama AdBlue). Kwa maili 12 dhidi ya 16, gari likiwa tupu, dizeli inaokoa kama senti 2.3 kwa maili. Dola 10,000 zitarudi baada ya maili 436,000. Wajukuu wa binamu yangu watafurahi.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: bei ya dizeli iwe sawa na ya petroli. Ghafla ni maili 165,000. Rudisha bei ya mwanzo, kisha funga tela zito, petroli ishuke hadi maili 8 na dizeli 11: ni maili 220,000. Umeona? Hatujagusa injini, tumegusa bei na mzigo, na jibu limeruka kutoka kushoto hadi kulia. Na bei zenyewe hazitulii. Juni 2022 wastani wa petroli Marekani ulifika dola 5 kwa galoni, dizeli ikapita 5.80. Mwezi ule tofauti ya bei peke yake ilimeza ile nishati ya ziada yote. Mtu akikupa jibu moja la "miaka mitano" bila kukuonyesha linavyoyumba, amekupa bahati nasibu yenye jedwali.

Video ilisahau pia riba. Dola 10,000 za ziada kwenye mkopo wa asilimia 8 kwa miaka sita zinakuwa kama dola 12,600. Haikugusa hatari ya matengenezo: pampu ya presha kubwa ya dizeli ikisagika na kumwaga chembe za chuma kwenye mfumo, unabadilisha pampu, nozeli na mabomba, na bili ni maelfu ya dola. Si kila gari litapata ajali hiyo, lakini kwa mwenye gari moja wastani haumsaidii. Ama limemkuta au halijamkuta, na siku limelala gereji halimwingizii chochote. Kwa upande mwingine, ilisahau jambo linaloisaidia dizeli: ukiuza gari, sehemu ya zile dola 10,000 hurudi, maana wanunuzi wa pikapu kuukuu wanaipenda. Kwa hiyo siidai video ubaguzi. Naidai uvivu.

Sasa tuitendee haki dizeli. Hoja yake yenye nguvu haipo kwenye pampu ya mafuta, ipo mlimani. Denver yenyewe iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ukielekea magharibi kwa barabara ya I-70 unapanda hadi handaki la Eisenhower, mita 3,400 hivi. Kule hewa ni nyembamba kwa karibu asilimia 30. Ile V8 ya Ford haina tabo, kwa hiyo inavuta hewa iliyopo tu: nguvu farasi 430 za kwenye tangazo zinabaki takriban 300. Dizeli ina tabo inayosukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo haiumii kiasi hicho. Na ukianza kushuka mteremko mkali na tani sita nyuma, breki ya ekzosi inaisaidia injini ya dizeli kulizuia gari, breki za magurudumu zisiungue. Aliyewahi kushuka Kitonga nyuma ya lori linalonuka breki anajua thamani ya kitu hicho. Huwezi kuiweka kwenye senti kwa maili. Mtu anayevuta mzigo mzito milimani kila wiki ananunua dizeli kwa sababu ya kazi, na yuko sahihi hata kama hairudishi hela yake kwenye mafuta.

Kuna gharama moja zaidi ambayo haimo kwenye daftari la mwenye gari. Moshi wa dizeli una oksidi za naitrojeni, ambazo zikikutana na mvuke wa mafuta na jua huzaa ozoni ya ardhini, ile inayobana vifua. Eneo la Denver na kaskazini yake liliwekwa na EPA mwaka 2022 kwenye daraja la hali mbaya ya ozoni. Mifumo ya urea ipo kwa ajili ya kupunguza oksidi hizo, na vichujio vipo kwa ajili ya kunasa masizi. Lakini ripoti ya EPA ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimeng'olewa mifumo hiyo katika takriban muongo mmoja, kinyume cha sheria. Video haikuyataja mambo haya hata kwa sekunde moja. Ukiona mtu anasifu dizeli isiyosumbua wala kula urea, muulize kama bado ina kichujio chake, maana yawezekana gharama yake anailipa mtoto wa jirani mwenye pumu.

Basi nikamjibu binamu kwa maswali: Unakwenda maili ngapi kwa mwaka? Ngapi kati ya hizo una mzigo? Milimani mara ngapi? Akasema: 20,000, nusu hivi, mara mbili kwa mwezi, mashine ya tani tatu. Kwa namba zetu za mfano, dizeli ingemwokolea kama dola 684 za mafuta kwa mwaka. Riba ya zile dola 10,000 za ziada peke yake ni kama dola 430 kwa mwaka. Mtaji wenyewe atauanza kuurudisha lini?

Nimemwambia achukue petroli, apande mlima taratibu, na ile tofauti aiweke benki. Akipata mkataba wa kwenda Grand Junction kila wiki na tani sita, tutarudia hesabu upya, na huenda jibu likageuka. Amesema atafikiria; sauti ya dizeli bado inamvutia. Hilo nalo ni haki yake, mradi asiliite hesabu.