Barabara Iliyofichwa na Barabara Iliyoachwa Wazi

Msafiri apitaye kwa motokaa kusini mwa jimbo la Utah, katika Marekani ya magharibi, na kuyaona majabali mekundu yakijipanga mbele yake moja baada ya jingine, aghalabu humhimidi Muumba kwa aliyoyaumba na kuwasahau waliomwezesha kuyaona kwa utaratibu ule. Wala hastahili lawama kubwa, kwani barabara iliyotengenezwa kwa ustadi ni ile isiyojitaja. Hata hivyo, kila kona iliyomfunulia korongo na kila mwinuko uliomficha bonde hadi dakika ya mwisho ni uamuzi wa mtu aliyekuwa na kipimo mkononi na hesabu ya fedha kichwani. Nia yangu ni kuyachambua maamuzi hayo katika vipande viwili vya safari moja: kile kitokacho katika bonde la Zion kuelekea mashariki, ambacho wahandisi walikificha tumboni mwa mlima, na kile kiunganishacho miji midogo ya Escalante na Boulder, ambacho kililazwa juu ya mgongo wa mwamba mtupu, bighairi ya sitara wala kinga.

Kwanza ifahamike sura ya nchi yenyewe. Clarence Dutton, mwanajeshi aliyegeuka mwanajiolojia, na ambaye aliizunguka nchi hii katika miaka ya 1870 na kuzichapisha habari zake mwaka 1882, aliieleza kuwa ni ngazi kubwa ipandayo kutoka kusini kwenda kaskazini, ambayo kila kidato chake ni ukuta wa magenge wenye rangi yake: kahawia, kisha nyekundu, kisha nyeupe, kisha kijivu, na juu kabisa waridi. Mguuni pa ngazi hiyo liko lile korongo mashuhuri la Grand Canyon. Tabaka la mawe lifunikalo ukingo wake ndilo lililo chini kabisa huko Zion, na matabaka yaliyo juu ya Zion ndiyo yaliyo chini ya hifadhi ya Bryce. Kwa hiyo atokaye sakafu ya Zion, iliyo kiasi cha futi 4,000 juu ya usawa wa bahari, akafika ukingo wa Bryce upitao futi 8,000, huwa amepanda katika zama sawasawa na alivyopanda katika kimo, kutoka mawe ya kale hadi mawe ya juzi, madhali juzi ya mwanajiolojia ni mamilioni ya miaka. Na shida ya mhandisi ilikuwa ni kumpandisha mtu kidato kwa kidato, mahali ambapo kidato kimoja ni mamia ya futi za jiwe lililosimama wima.

Zion ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1919. Miaka minne baadaye kampuni ya reli ya Union Pacific ikafikisha tawi la reli yake katika mji wa Cedar City, ikajenga nyumba za wageni, na kuanza kuwazungusha watalii kwa mabasi kutoka Zion hadi Bryce na hadi ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon. Mzunguko huo ulikuwa na kasoro moja: bonde la Zion lilikuwa na mlango mmoja tu kwa magari, upande wa kusini, na kila aliyeingia kwa mlango huo alitokea hapo hapo, kisha akashika njia ndefu ya vumbi ili kuyazunguka magenge ambayo ndege angeyavuka kwa muda mfupi sana. Mashariki ya bonde lilikuwako korongo dogo la kijito kiitwacho Pine Creek, lililopanda kwa upole mpaka likafungwa na ukuta. Mnamo 1926 mamlaka ya hifadhi za taifa na ofisi ya serikali kuu iliyosimamia barabara za umma zilipatana kwamba wahandisi wa ofisi hii ndio watakaojenga barabara za hifadhini, nao watazamwe na wasanifu wa mandhari wa mamlaka ile, akiwamo Thomas Vint. Na mwaka uliofuata kazi ikaanza Zion.

Mapatano hayo, ingawa yanasikika kama habari za makarani, ndiyo yaliyoamua sura ya barabara. Mhandisi aliyeachiwa peke yake angelichonga rafu ya wazi kwenye uso wa genge, nayo ingelionekana kutoka bondeni kama kovu lisilopona. Msanifu wa mandhari aliyeachiwa peke yake huenda asingelijenga kitu chochote. Suluhu ilikuwa kuipandisha barabara kwa kona sita za kujikunja katika mteremko wa vifusi, na ilipofika kwenye ukuta, kuizamisha ndani ya mwamba kwa urefu wa futi 5,613, yaani zaidi kidogo ya maili 1. Kuta za kando na daraja la Pine Creek vilijengwa kwa mawe ya mchanga ya pale pale, rangi juu ya rangi, hata jicho la mtu aliye mbali hushindwa kuitenga kazi ya mwashi na kazi ya mlima.

Namna lile handaki lilivyochimbwa ndiyo sehemu inistaajabishayo zaidi. Desturi ya kutoboa mlima ni kuanzia miisho miwili, kila kundi likila mwamba kuelekea jingine, huku kifusi kikirudishwa nyuma kwa mwendo unaozidi kurefuka kila siku na hewa ikizidi kuwa nzito kwa moshi wa baruti. Huku Zion, kwa sababu njia ya handaki ilikwenda sambamba na uso wa genge wala haikulitumbukia kati, wachimbaji waliingia kwa ubavuni. Walipasua madirisha kwenye uso wa ukuta, na kutoka katika kila dirisha wakachimba kuelekea kulia na kushoto, wakitangulia na tundu jembamba la kuonyesha njia, kisha wakalipanua hadi kufikia kipimo cha barabara. Kifusi kilisukumwa nje kwa madirisha hayo hayo na kuangukia korongoni, na hewa ikaingia kwa tundu lile lile kilimotokea kifusi. Hivyo dirisha moja lilifanya kazi ya mlango, ya jaa na ya bomba la pumzi, na kazi ilipokwisha likabaki kuwa roshani, ambapo msafiri aliweza kusimamisha gari ndani ya mlima na kutazama nje. Mimi sijui chombo kingine cha ujenzi ambacho, baada ya kumaliza utumwa wake, kilipandishwa cheo kwa namna hiyo. Barabara nzima, yenye urefu wa maili 25 hivi, ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1930 kwa gharama iliyokaribia dola milioni 2, na wakati huo hapakuwa na handaki la aina yake lililolizidi kwa urefu nchini Marekani.

Lakini hila ile ilikuwa na deni. Jiwe la Zion ni mchanga wa jangwa la kale, vilima vya mchanga vilivyoshikamana vikawa mwamba, na aendaye mashariki ya handaki huiona bado ile mistari ya upepo imelala katika ubavu wa mlima uitwao Checkerboard Mesa. Jiwe la namna hii hukatika kwa urahisi, na kwa urahisi huo huo humomonyoka. Mhandisi aliyekaa karibu na uso wa genge ili apate madirisha alikaa pia karibu na mahali ambapo jiwe ni dhaifu, na mwaka 1958 nguzo ya mwamba kando ya dirisha mojawapo iliporomoka. Tangu hapo handaki limevishwa mbavu za zege, limewekewa vyombo vya kupima mitikisiko yake, na kusimamisha gari madirishani kumepigwa marufuku. Upana wake nao ulikadiriwa kwa magari ya miaka ya 1920; ilipofika 1989 ikathibitika kwamba mabasi na nyumba za magurudumu haziwezi kupinda ndani yake bila ya kuvuka mstari wa katikati, na kwa miaka mingi gari lililozidi kimo cha futi 11 na inchi 4 lilipitishwa peke yake, huku wengine wakizuiwa nje. Kwa hiyo lililobaki kwa abiria wa leo ni kiza cha maili moja kinachokatwa na vimulimuli vya nuru, kila kimoja kikimwonyesha korongo kwa muda usiotosha hata kutamka jina lake.

Kwa sababu hiyo mimi huona kuwa handaki lafaa kupitwa kwa kutoka mashariki. Atokaye mashariki huja katika nchi ya juu, ya miamba myeupe iliyoviringika, hupita kihandaki kifupi cha futi 530 kisichomtisha, kisha huzama katika kile kirefu, na atokapo hujikuta ghafula ubavuni mwa bonde, lile tao kubwa la mwamba likiwa limechongwa ukutani mbele yake na barabara ikijikunja chini ya miguu yake. Atokaye magharibi ameshayaona hayo yote kabla ya kuingia. Ni kweli kwamba mtu afuataye shauri langu ataisoma ngazi ya Dutton kinyumenyume, kutoka waridi kwenda nyekundu, na asiyekubali kuukosa mpango wa matabaka na akose mshangao. Yote mawili kwa safari moja hayapatikani.

Bryce nitaipita upesi, kwani huko nchi ilimfanyia mhandisi sehemu kubwa ya kazi: uwanda wa juu uko tayari, barabara ya maili 18 yafuata ukingo, na zile nguzo za mawe za waridi, zilizochongwa na jalidi liingialo katika nyufa usiku na kuyeyuka mchana, ziko chini ya macho. Moja tu lastahili kutajwa, hasa kwa sisi tuendeshao upande wa kushoto. Vituo vya kutazamia viko mashariki ya barabara, na kwa kuwa Wamarekani huendesha kulia, dereva mwerevu huenda moja kwa moja hadi mwisho wa kusini, penye kimo cha futi 9,115, kisha husimama katika kila kituo wakati wa kurudi, bila ya kuukata msururu wa magari hata mara moja.

Kutoka karibu na Bryce huanza barabara namba 12, na hapa hukumu yangu hugeuka. Mji wa Boulder, makazi ya wafugaji chini ya mlima, ulikaa bila ya barabara ya magari hadi miaka ya 1930. Barua ziliingia na malai ya ng'ombe yalitoka juu ya migongo ya baghala. Serikali ya Roosevelt ilipounda mwaka 1933 jeshi la kazi la vijana waliokosa ajira, lijulikanalo kwa herufi CCC, ambao mshahara wao ulikuwa dola 30 kwa mwezi na 25 kati ya hizo zilipelekwa kwa wazazi wao, vijana hao walifungua kwanza njia ya juu milimani, wakajenga daraja juu ya ufa wa kutisha mahali paitwapo Hell's Backbone. Njia hiyo ilifungwa na theluji kila kipupwe. Ndipo wakashuka kutafuta njia ya chini itakayopitika mwaka mzima, katika nchi ya mwamba mtupu uliokatwakatwa na mto Escalante na vijito vyake, na baruti waliyoitumia ikawafanya wenyeji kuiita kazi hiyo barabara ya dola milioni moja.

Tazama sasa shauri walilolikata. Katika nchi ya makorongo, chini hakuna njia iendayo mbali, kwani kila korongo hukutana na jingine na kuishia ukutani, na mvua inyeshayo mbali, chini ya mbingu ambazo msafiri haoni wingu ndani yake, huleta gharika ya ghafula ichukuayo daraja na gari pamoja. Kitu pekee kisichokatika ni mgongo ulio kati ya makorongo mawili. Hivyo, baada ya kushuka na kuuvuka Escalante, barabara hufuata kijito cha Calf Creek kwa mwendo mfupi, kisha hupanda na kukaa juu ya mgongo uitwao Hogback, mwembamba kiasi cha kuwa, mahali pengine, upana wa barabara na upana wa mlima hukaribiana, na genge liko kulia na kushoto. Hapakuwa na msanifu wa mandhari aliyesema mtalii aonyeshwe mabonde mawili kwa wakati mmoja. Ilitakiwa barua ifike na malai yasiharibike, na ilitakiwa madaraja yawe machache kwa kuwa fedha ilikuwa chache. Nami nathubutu kusema kwamba kipande hiki, kilichotengenezwa na wahitaji kwa ajili ya wahitaji, kinamshinda mwenzake wa Zion kwa utukufu wa mandhari, ingawa kinamdhulumu dereva, ambaye ndiye mtu wa pekee garini asiyeweza kuyaondoa macho yake barabarani. Basi na asimame kwenye uwazi wa kando; umewekwa kwa ajili yake.

Baada ya Boulder barabara hupanda mlima hadi futi 9,600, ambapo lami ilikamilika mwaka 1985 tu, kisha hushuka hadi mji wa Torrey na kukutana na barabara namba 24 iendayo hifadhi ya Capitol Reef. Barabara hii ya 24 yatupatia ushahidi wa tatu. Kwa miongo mingi magari yalipita sakafuni mwa Capitol Gorge, korongo jembamba ambalo kuta zake bado zina majina ya wasafiri wa kale, na kila baada ya gharika ilibidi mawe yaondolewe upya, mpaka mwaka 1962 njia ilipohamishiwa bonde la mto Fremont. Mto huo ulikuwa na pindo refu ambalo barabara ingelihitaji kulivuka mara mbili. Wahandisi, badala ya kujenga madaraja, walilikata pindo na kuugeuza mto, nao ukaangukia mkondo wake mpya kwa kishindo. Maporomoko hayo yangali kando ya lami, na wasafiri husimama kuyapiga picha, wakiyahesabu miongoni mwa maajabu ya asili ya Utah.