Ngamia Asirudi Mtupu

Andika "maktaba ya Garissa" kwenye Google na utaona ngamia kabla hujaona rafu. Amebeba masanduku ya mbao, mchungaji yuko mbele, watoto wamekaa kwenye mkeka chini ya mti. Mimi ni mtu wa Garissa, na hapa Nairobi nimeulizwa habari za huyo ngamia mara nyingi kuliko za watu wangu. Huwa natabasamu tu. Lakini kusema ukweli, hiyo picha imenichosha, na leo nataka kueleza kwa nini.

Kwanza tumpe haki yake. Huduma hiyo ilianzishwa na shirika la maktaba za taifa, KNLS, mwaka wa 1996, kwa ngamia watatu. Baadaye ikafika Wajir. Msafara mmoja hubeba vitabu kama 400, pamoja na hema. Mchanga wa kwetu haubembelezi magari, na familia inayofuata malisho haiwezi kungoja maktaba ijengwe. Kwa hivyo maktaba ikahama nao. Hiyo ni dizaini safi kabisa, na ni kazi ya Wakenya.

Halafu dunia ikaandika. Mwaka wa 2005 Margriet Ruurs alitoa kitabu cha watoto, My Librarian Is a Camel, kuhusu maktaba zinazosafiri katika nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo. Mwaka wa 2007 Mmarekani Masha Hamilton akatoa riwaya, The Camel Bookmobile. Shujaa wake, Fiona Sweeney, ni mkutubi anayetoka Marekani kuja kufanya kazi na maktaba ya ngamia. Kijana mmoja anakosa kurudisha vitabu alivyoazima na kijiji kizima kinaingia matatani, maana sheria ni moja: vitabu visiporudi, ngamia naye harudi.

Hamilton namsifu kwa jambo moja. Amewaacha wanakijiji wabishane kama kweli wanavitaka hivyo vitabu. Lakini katika vitabu vyote viwili maarifa yanatembea upande mmoja tu: yanatoka mjini, yanapanda ngamia, yanashushwa kijijini. Ngamia akirudi, anarudi na vitabu vilevile alivyokwenda navyo. Hakuna anayeuliza kama huko alikotoka kulikuwa na cha kubeba.

Mimi hilo swali nililikuta chuoni. Nilisoma usanifu wa ndani katika chuo kimoja cha sanaa na dizaini, jina silitaji. Mradi wangu wa mwisho ulikuwa aqal, nyumba ya Wasomali wanaohamahama: fito zilizopindwa, mikeka, kamba. Wanawake ndio huijenga, wakaibomoa, wakaipakia kwenye ngamia na kuijenga tena mbele ya safari. Ayeeyo, yaani nyanya yangu, alijenga yake alipoolewa. Nikaandika hivyo kwenye marejeleo. Mwalimu msimamizi akapiga mstari mwekundu: "Nyanya si chanzo. Leta kitabu."

Nikaenda maktaba. Rafu ya usanifu majengo ilikuwa imejaa Le Corbusier na Zaha Hadid. Ya aqal? Hakuna. Vitabu vichache vilivyogusa watu wetu vilikuwa mbali, upande wa mila. Katika mpangilio wa Dewey usanifu majengo uko 720, mila na desturi 390. Dewey hakumlazimisha mtu kumpeleka nyanya yangu 390. Anayepanga ndiye huamua. Lakini matokeo ndiyo hayo: nyumba ya mtu wa Paris ni usanifu, ya ayeeyo ni desturi.

Aliyeniokoa ni mkutubi. Alipiga simu mbili tatu, akanitafutia African Nomadic Architecture cha Labelle Prussin, cha mwaka wa 1995, katika maktaba ya taasisi nyingine. Nilikisoma siku mbili palepale mezani, maana hakiazimwi. Prussin anasema wazi kwamba wasanifu wa nyumba hizi ni wanawake. Na anaonyesha kitu nilichokuwa nikikiona tangu utotoni bila kukiona: fito zinazosimamisha nyumba, wakati wa kuhama, hugeuka kuwa fremu ya mzigo mgongoni mwa ngamia. Walahi nilikifunga kitabu kwanza. Mgongo ule uliopigwa picha na masanduku ya maktaba ulishabeba jengo zima, na hakuna aliyeliita maarifa.

Mkutubi hakuishia hapo. Alinifundisha kumrekodi ayeeyo kwa utaratibu: ridhaa yake, tarehe, mahali, vipimo, jina la kila kifaa kwa Kisomali. "Ukifanya hivi," akaniambia, "huyo ni chanzo." Kumbuka Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka wa 1972. Wakati huo ayeeyo alikuwa mtu mzima. Anachojua kiko mikononi, na mikono haina nakala.

Kwa hivyo nikisikia chuo cha dizaini kikijisifu kwa idadi ya vitabu, nauliza: cha kushika kiko wapi? Rhode Island School of Design ya Marekani ina Nature Lab tangu 1937, ambapo wanafunzi hushika na kuchora mifupa, makombe na mimea halisi. Sisi tungeanza na mkeka mmoja, wenye jina la aliyeusuka. Ngamia wa Garissa arudi na rekodi, sampuli na majina. Nakala moja ibaki maktaba ya Garissa, nyingine ije vyuoni.

Nilimpelekea ayeeyo mchoro wangu. Akacheka. "Ayeeyo, nyumba yako itaanguka," akasema. Kwa Kisomali nyanya humwita mjukuu kwa jina lake yeye mwenyewe. Alinirekebisha mara tatu, kwa kamba halisi, kwa sababu penseli hakuiamini. Mchoro wa nne ndio uliopita.

Mradi sasa uko kwenye rafu ya chuo, Nairobi, na jina la ayeeyo limo kwenye marejeleo. Nakala ya Garissa bado iko kwenye begi langu. Nitaipeleka mwenyewe likizo ijayo, kwa basi.